Kiculu Chini ya Magazini ya Kofia

Tarehe 14 ya mwezi wa kumi na moja, 1953. Mvua ya kwanza imeanguka usiku, mvua ya kweli, si ile ya kutupa matone tatu na kukimbia. Asubui jua imetoka kali mupaka bulongo inatoa moshi. Saa sita mawingu imerudia, nzito, nyeusi kama chini ya sufuria.

Ni vile niliandika mu kaye, daftari yangu ya zamani. Nilisoma myaka ine tu kwa mapadri, na ule mwaka wa ine nilirudilia mara mbili, basi mwenye kusoma asingojee maneno ya akili. Tena hii kaye iko na makosa. Pahali pamoja nimeandika kama bantu makumi tatu balikuwa mu magazini ile siku. Ukurasa wa pili nimeandika makumi ine. Sijui ni wapi nilisema kweli. Nitasema tu: bantu balijaa, na kofia ilijaa kupita bantu.

Ile magazini, duka ya kofia, zamani ilikuwa depo ya samaki. Kila muntu wa Élisabethville aliijua kwa pua mbele ya kuijua kwa macho. Ilikuwa nyumba ya matofari, ya kupandana mbili, mu avenue karibu na gare ya treni, na mabati juu na mashini ya kamba ya kuvutia magunia inje ya dirisha ya juu. Chini balikuwa banaweka bunga na chumvi. Juu balikuwa banaweka samaki ya chumvi ya kutoka Kasenga, mafungu kwa mafungu, mupaka ku mabati. Mwenye depo alikuwa Mugreke mumoja, muzee, wa tumbo na wa kucheka. Kisha makamio, malori ya barafu ikaanza kuleta samaki mubichi, na depo ikabakia na panya tu, na panya yenyewe ilikuwa inakonda.

Njo Mugreke akapata mawazo. Chini atatengeneza magazini mbili zenye dirisha kubwa ya kioo ku barabara. Juu, pale pa samaki, atakata apartema ine za kupangisha bazungu. Akamuita Mutaliano mumoja mwenye kujenga, na Mutaliano akatuita siye. Alisimama katikati ya ile harufu, akafungua mikono, akasema kama ku Ulaya bantu ya akili banapendaka kuikala mu madepo vile, na vile vyuma ya juu Mugreke asiifunike, aipake rangi tu, bantu bataona ni kintu cha kupendeza.

“Bazungu balale pale tulikuwa tunapanga samaki?” mwenzetu mumoja akauliza, kisha Mutaliano ameshuka.

“Batalala,” mwingine akajibu. “Bataamuka na chumvi mu ndebu.”

“Na paka yote ya muji itawafuata ku misa.”

Tulicheka sana, lakini kwa haki niseme: ile apartema ilitoka muzuri. Tulipasua madirisha mapya, tukaweka planshe ya mbao, tukatengeneza ngazi ya mbele ya bazungu na ngazi ya nyuma ya maboi. Tulisugua kuta na chokaa, tukasugua na soda, tukasugua na siki. Wakati wa jua hakuna aliyesikia kintu. Wakati wa mvua, ule kijana muzungu wa biro aliyepanga apartema ya kwanza alikuwa anashuka kutuuliza nani anapika samaki. Hakuna muntu alikuwa anapika. Ni ukuta njo ilikuwa inapika.

Mu kiwanja nyuma ya depo kulikuwa kanyumba ka mabati. Mule alikuwa anaikala bukwe yangu, ni kusema tata, baba ya bibi niliyeoa. Yeye alikuwa zamu wa depo tangu depo ilikuwa depo. Alitoka kaskazini kijana, akatumika ku reli, kisha akafyatua matofari ya ile nyumba yenyewe, kisha bakamupatia bunduki isiyo na risasi na kofia ya manyoya, akaanza kuchunga. Bunduki iliibiwa. Kofia ilibakia. Alikuwa anaivaa ku kazi, ku misa, na bibi yangu anasema hata mu kuoga, lakini ile sikuiona na sitaki kumuonea.

Sasa lazima nieleze mambo ya bukwe, sababu bila ile hakuna atakayejua kwa nini nilifanya bujinga. Kwetu, bukwe haumuangaliake mu macho. Haukulake naye mu sahani moja. Haulalake naye mu chumba kimoja. Haumubishake, hata akisema jua inatokaka ku gare. Mukiwa na neno, munatafuta muntu wa katikati, na kama hakuna muntu, munatafuta kintu. Siye tulikuwa na burweti, ile ya gurudumu moja ya kusukumia mucanga na sima, ni kusema simenti.

“Burweti,” alikuwa anasema, macho ku ukuta, “ambia ule mwenye kukusukuma kama anamwaga sima ya bantu.”

“Burweti,” nilikuwa najibu, macho ku viatu, “ambia tata kama nimesikia.”

Siku ya kwanza Mutaliano alizani siye bawili tumelewa. Siku ya pili alitingisha kichwa. Siku ya tatu yeye mwenyewe alisimama mbele ya burweti na kusema: “Burweti, ambia hawa bajinga bawili kama saa ya kazi imeanza.”

Na bukwe alikuwa bukwe muzuri, nisifiche. Kila mwaka, mvua ya kwanza ikianguka, alikuwa anatutumia kopo nzima ya inswa, ile mucwa yenye mabawa, nono, ya kung’aa mafuta, na kitambaa ya kufunika juu. Majirani bote ku site, mutaa ya beusi, balikuwa bangali banashika moja-moja chini ya taa ya barabara, siye tunakula kopo. Sikuuliza hata siku moja anaitoa wapi. Zawadi ya bukwe hauiulizake.

Taabu ilikuwa hii. Mugreke alitaka kiwanja ya nyuma ikuwe pahali pa kuweka motokari ya bapangaji. Kanyumba ka mabati kalipaswa kuvunjwa. Na muzee ataenda wapi? Bibi yangu njo mutoto wake mumoja tu. Na siye ku site tulikuwa na chumba kimoja, muntu tano: miye, bibi, batoto batatu. Kuweka bukwe mule, pale ninapovua suruali! Afazali aende kulala ku makaburi, na miye nimufuate kwa haya.

Lakini ile wakati balikuwa banajenga manyumba ku Katuba, ya vyumba viwili na jiko yake, na biro ya manyumba ilikuwa inabapatia kwanza bale benye buku ya kazi inaandikwa ufundi wa kweli. Buku yangu ilikuwa inasema “manœuvre”, mubeba-bintu tu, hata kama nilikuwa napanga karo, ile vigae ya chini ya nyumba, kupita bamoja benye kuitwa mafundi. Labda najisifu. Nilikuwa napanga sawa nabo.

Nilimuambia Mutaliano, nikamupatia buku. Akafikiri, akakwaruza shingo, akasema: “Magazini ya mbele, ile ya madamu mwenye kuuzisha kofia. Karo yote utapanga weye mwenyewe, hakuna mukono ya muzungu. Siku ya kufungua, kama karo iko sawa kama kioo, mbele ya bantu bote nitaandika mu buku yako: carreleur.”

Ni kusema fundi wa karo. Neno moja ya Kifaransa, na bukwe yangu angepata mulango wake.

Mwezi wa tisa tukavunja chini ya zamani, sakafu ya matofari ya kulalishwa. Bulongo ilikuwa kavu mu muji muzima, mupaka majani ya barabara ilikuwa inavunjika kama biskwiti. Lakini mu kona moja, karibu na ukuta ya barabara, nikaweka mukono, bulongo ilikuwa na moto na majimaji kidogo. Nikatoa tofari ingine. Kulikuwa tundu, munene kama kidole gumba, laini ndani kama chungu. Nikaweka sikio. Ilikuwa inasema shhh, kama banamuke mu kanisa padri akichelewa.

Mutoto wa Katanga hasomeshwake kiculu. Tunazaliwa tunaijua, ile milima ya mucwa ya kupita nyumba kwa burefu. Tunafyatulia matofari bulongo yake, muji wote umetoka mule. Na tunajua kama ukijenga juu ya kiculu, haitoshi kuisawanisha. Unachimba mupaka unapata mama ya mucwa, ule munene mweupe asiyetembea, unamutosha, unamutoa inje. Ukimuacha, ile nyumba iko yake, weye uko mugeni.

Bantu ya kazi balikuwa kumi na bawili, bote bamesimama. Bukwe alikuwa anakaa ku mulango, kofia ku kichwa. Nikageukia burweti.

“Burweti, ulizia tata: siku balijenga, mama ya mucwa, balimutosha?”

Muzee aliruka kama muntu amekalia moto.

“Burweti! Ambia ule mutoto wa juzi! Nilimutosha kwa hii mikono mbili! Alikuwa munene vile, sawa mukono yangu! Muzungu mwenye kujenga, ule aliyekufa, aliona na macho yake. Nilimukula mbele yake, na ule muzungu akatapika, akanipatia hii kofia na kazi ya zamu. Hii kofia burweti inaiona ao haiione?”

Bantu bakapiga mikono. “Tata! Tata mukula-mama!” Muzee akasawanisha kofia.

Na miye nikabakia na tundu. Nifanye namna gani? Kuchimba, ni kumuambia bukwe yangu mbele ya bantu kumi na bawili: uko mubongo, musema-uongo, na kofia yako iko ya bongo. Nikaangalia tundu. Nikaangalia kofia. Nikapiga sima.

Mangaribi Mutaliano akapita. “Chini iko muzuri?”

“Muzuri, bwana.”

Hii iko bongo yangu. Naiandika peke yake ku mustari wake, isipotelee mu bongo ya bengine.

Bibi yangu nilimuambia ku nyumba, alikuwa anachekecha bunga. Hakusimamisha mikono.

“Weye unaogopa tata kupita Mungu.”

“Ni tata yako.”

“Njo maana miye simuogope. Niachie, nitamuuliza.”

“Hapana. Atajua nimemutuma.”

“Basi mukuwe na heshima yenu, weye na yeye,” akasema, anapiga chekecheke ku mukono, “na mama ya mucwa akuwe katikati kama muntu wa kuleta habari. Yeye anaweza kufanya ile kazi kupita burweti.”

Sikucheka. Nilipaswa kucheka, ilikuwa muzuri.

Nikapanga ile karo siku makumi mbili. Nyeusi na nyeupe, nyeusi na nyeupe, nilikuwa naona karo nikifunga macho. Kwa haki ya Mungu, haijatokea karo ingine mu maisha yangu kama ile. Mutaliano alileta gololi ya kioo, akaiweka katikati ya chumba, akaiachilia. Gololi haikutembea. Akaiweka ku kona. Haikutembea. Akaniangalia, akapiga mufuko wa koti yake pale buku yangu ya kazi ilikuwa.

Sasa narudia ku ile tarehe 14.

Asubui balivunja kanyumba ka bukwe. Hakukusanya mingi: blanketi, sufuria, picha ya Bikira. Aliweka yote mu gunia moja, akaliacha ku ukuta ya kiwanja, akakalia juu yake siku nzima, kofia ku kichwa, kama muntu anangojea treni na hakuna treni.

Saa kumi na moja ya mangaribi njo kufungua magazini. Madamu wa kofia alikuwa ametoka Ulaya mwaka ule tu, mwembamba, wa kutembea mbio. Alipanga vichwa ya miti ku kila pahali na kofia juu yake: ya manyoya, ya nyavu, ya maua, moja ilikuwa na ndege muzima, amekufa lakini muzima. Miye balinisimamisha inje karibu na kioo, shati safi, kitambaa mu mukono, ya kupanguza kama muntu akichafula karo. Ku mawingu ilikuwa giza, basi balitia taa yote. Karo yangu iling’aa mupaka banamuke balikuwa banaona kofia yabo chini.

Padri akabariki. Akaenda ku kona ya kwanza, akanyunyiza maji. Ku kona ya pili, maji. Ku kona ya tatu, maji. Ku kona ya ine, ile ya karibu na barabara, akanyunyiza maji, na inswa moja ikatoka.

Ilipanda polepole, mabawa yake kama karatasi ya bonbon. Mwanamuke mumoja akasema “Oh!” kwa furaha. Kisha tano. Kisha kati ya karo na ukuta mustari wa sima ulifunguka kama mudomo, na yote ikatoka pamoja. Sijui kuihesabu na sitajaribu. Ilikuwa moshi. Iliingia mu nyavu ya kofia na haikujua kutoka. Iliingia mu bilauri ya vinyo. Padri alikuwa angali ku “Amina” na ile Amina haikuisha vizuri. Bantu ya site banasemaka mupaka leo kama maji yake njo iliibariki inswa ikaamuka. Nisimuonee padri, ilikuwa mvua ya usiku na joto. Lakini alitupa maji pale-pale, ile niliona.

Banamuke balilia Kifaransa. Bwana mumoja alikanyaga, akateleza ku mafuta ya inswa, akashika kichwa ya muti, bote bawili bakaanguka na kofia ya ndege. Na inje, ku kioo, bantu ya barabara balijaa.

“Mama eh! Bazungu banafuga inswa mu nyumba!”

“Na habakule! Angalia, banakanyaga!”

“Zambi ile! Mufungue mulango, chakula inapotea!”

Ni hapo bukwe yangu alipita karibu na miye. Alitoka nyuma, kwa kiwanja, akaingia ku mulango ya mbele, pale mweusi haingiake kama hana kitambaa ya kupanguza ao ndoo, hakuangalia kuume wala kushoto. Akaenda mbio mu kona ya ine. Akapiga magoti, akavua kofia, akaigeuza, akaiweka chini ya ule mudomo wa sima, na mukono ingine akaanza kuisukumia ndani, polepole, kwa ufundi, bila kuvunja hata bawa moja.

Hakutafuta pahali. Muntu hatafutake njia ya shamba yake.

Njo nikajua. Makopo yote ile. Kila mwaka, mvua ya kwanza, zamu peke yake mu depo yenye kufungwa, na ile kona. Nilikuwa nimekula ushuhuda myaka kumi na moja, na chumvi.

Mutaliano alitoka mu moshi ya inswa, moja inatembea ku ndebu yake. Akasimama mbele yangu ku mulango. Mukono wake ulikuwa mu mufuko wa koti, ku buku yangu.

“Weye. Ulijua?”

Bukwe alikuwa pale, hatua tano. Nikisema hapana, ni bongo ya pili. Nikisema tata aliniambia, ni kumuvua nguo mbele ya bazungu. Nilikawia. Mu kaye nimeandika “nilijibu mara moja”, lakini ile iko bongo, nilikawia.

“Nilijua kuko kintu, bwana. Nikakuambia muzuri. Sijui kama kosa yote iko yangu, lakini yangu iko mule.”

“Kofia,” sauti ikasema.

Madamu wa kofia aligeuka. Kila mwanamuke aligusa kichwa yake. Ilikuwa bukwe yangu, angali mu magoti, anasema na ile kofia ya manyoya yenye kujaa inswa.

“Kofia, ambia ule bwana. Mama ya mucwa hatukumutosha. Jua ilikuwa kali, tulichoka, na muzungu alikuwa na haraka. Nilimenya kilazi, kiazi ya kula tu, nikaipaka bulongo, nikamuonyesha. Alikuwa mugeni, hakujua. Nilikula kilazi mbele yake. Kofia, unajua weye mwenyewe namna ulikuja ku kichwa yangu.” Akachapa inswa iingie. “Na kisha nikaona kila mwaka kunatoka chakula, nikasema, basi, mama abakie. Bongo iko yangu, karo iko ya ule kijana. Karo haina kosa. Kofia, umuambie ule kijana kama anaweza kunisamehe, anisamehe.”

Mutaliano aliangalia kofia. Nyuma yake Mugreke alikuwa amekaa ku kiti, amelia kwa kucheka, anasema “Kilazi! Kilazi!” na kupiga goti. Alikuwa ameikala myaka mingi mu inchi hii. Alishika inswa moja mu hewa, akatosha mabawa, akaitupa mu kinywa. Madamu akaona ile, akaenda kukaa inje.

Mutaliano akatosha buku yangu. Akatosha kalamu. Akafungua ku ukurasa wangu, akaangalia karo, mbali, mupaka ku kona, akafunga kalamu, akarudisha buku mu mufuko.

“Kesho saa kumi na mbili ya asubui munavunja. Weye na yeye, bawili tu. Mutachimba mupaka mutamupata. Na sitaki kilazi.”

Ya kisha nitaisema hapa mbio, sababu nataka kumalizia ku ile siku yenyewe. Tulichimba siku tatu, miye na bukwe, mu tundu moja, bega ku bega, pahali burweti haiwezi kuingia. Siku ya kwanza tulisema na jembe. Siku ya pili jembe ilichoka. Siku ya tatu, tulipofika kama kifua ya muntu, muzee aliweka mikono mu bulongo na kumutosha, mweupe, munene, anatetemeka. Akanionyesha. Aliniangalia mu macho, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akasema: “Huyu sasa njo yeye.” Nikasema “Ndiyo, tata,” na hakukuwa kintu katikati.

Nilipanga karo tena. Mutaliano alingojea mvua ya mwaka uliofuata. Ilianguka, alisimama mu ile kona siku mbili na gololi yake, hakuna kilichotoka. Njo akaandika. Madamu wa kofia alisema maneno mabaya juu yetu muji muzima, na simukatalie: kila mwezi wa kumi na moja, alisema, anasikia miguu yake inatembelewa. Kisha Katuba ikatuita, vyumba viwili, na bukwe akapata mulango wake, na aliufunga kwa sauti kubwa usiku wa kwanza ili kila muntu asikie.

Lakini ile tarehe 14 hatukujua hata moja ya ile. Tulitoka mu muji ya bazungu mbele ya saa ya kufukuzwa, ile beusi banakatazwa kubakia mule usiku. Nilitembea mbele na gunia yake ku bega, yeye nyuma hatua makumi mbili, kama inavyopaswa, kichwa wazi, kofia mu mikono mbili kama muntu anabeba mayai. Nilikuwa nasikia miguu yake njia nzima. Nilikuwa nafikiri: buku yangu iko mu mufuko ya muntu ingine, na bukwe yangu iko nyuma yangu, na nyumba yangu iko na chumba kimoja.

Bibi yangu alikuwa ku mulango. Habari ilikuwa imefika mbele yetu, habari haingojeake treni. Aliangalia tata yake, akaniangalia, akaangalia kofia.

“Kilazi,” akasema.

“Mama,” tata yake akajibu, “usianze.”

Hakuanza. Aliingia, akatosha shuka ku kitanda, akaifunga ku musumari huku na ku musumari kule, ikakata chumba mbili. Muzee akaingia upande mumoja, akakaa na gunia yake. Miye na batoto upande mwingine.

“Haya,” akasema, mikono ku kiuno. “Apartema mbili. Munataka ngazi pia?”

Kisha akachukua kofia, akamwaga inswa mu ungo, akapepeta mabawa inje ya mulango. Aliikaranga bila mafuta, sababu mafuta iko ndani yake, akatupia chumvi. Sahani kubwa tulikuwa na moja tu. Aliiweka chini katikati, ku pindo ya shuka, nusu upande wetu, nusu upande wa muzee, na shuka ikagusa katikati ya inswa. Niliona mukono wake ukitoka chini, mukono wa muzee wenye kutengeneza matofari ya ile depo, unachukua kidogo, unarudi. Nilingojea urudi kabisa. Kisha nikatia wangu.

Tulikula bukari, ule ugali, ya moto, mboga ya lengalenga ya kubakia ya jana, na inswa ya kukaranga, na hatukuacha hata moja.